Maziwa ya Nyuki Si Dawa ya Pumu



Kila tunapozungumzia mizinga, kuanzia milima ya Umatengo hadi Liuli na Mbamba Bay, swali huwa: mbali na asali na nta, tuuze nini? Wengi hutaja maziwa ya nyuki. Huu ni ute mweupe ambao nyuki vibarua wachanga huutoa kwenye tezi za kichwani kulisha majana, na malkia huula maisha yake yote. Bei yake ni nzuri, ingawa kuukusanya si kazi ya mzaha.

Linalotutia wasiwasi ni kusikia ukisifiwa kuwa dawa ya pumu. Wenye pumu ndio hasa walio hatarini. Protini kuu za ute huo zaweza kuamsha mzio mkali: uso huvimba, njia za hewa hubana, mtu huishiwa pumzi. Huko Australia, miaka ya 1990, msichana wa miaka 11 mwenye pumu alifariki baada ya kuutumia. Leo sheria ya nchi hiyo inadai onyo kwenye kila chakula chenye ute huo. Asali nayo ina protini hizo, ila kidogo, na wengi wetu twaila bila shida.

Kwa hiyo tunaviomba vikundi visiandike neno "dawa" kwenye chupa. Mteja aulizwe kwanza kama ana pumu au mzio. Akishautumia na kuanza kuwashwa midomo au kubanwa kifua, awahishwe zahanati, asisubiri kupambazuke.