Kompyuta Inapoanza Kusumbua Baada ya Kuongezewa Memori

Mazungumzo na makatibu wa parokia na wajumbe wa kamati za maendeleo kutoka Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo makatibu wengi hulileta kwa maneno yanayofanana: "Fundi, tuliongeza memori ili kompyuta iende haraka, sasa inajizima." Mwingine anaona skrini ya bluu. Mwingine anaandika barua, mashine inaganda. Mwingine haiwaki kabisa, inalia tu.

Diski ni kabati la faili, memori ni meza. Karatasi unayoishughulikia sasa iko mezani. Ukimaliza unairudisha kabatini. Meza ikiwa ndogo, kila dakika unainuka kwenda kabatini, na ndiyo maana mashine inakuwa nzito. Kuongeza memori ni kupanua meza, na ni msaada wa kweli kwa kompyuta za zamani tunazopewa. Lakini ubao ulioongezwa ukiwa mbovu, karatasi zitaharibika zikiwa hapo hapo mezani.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi hudhani hasara ni mashine kuzimika. Mimi naona afadhali izimike, maana umejua. Kibaya zaidi ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea kimya kimya. Kompyuta huandika kila tarakimu kwa alama za sifuri na moja. Katika maandishi yake ya kawaida, tarakimu 1 na tarakimu 9 zinatofautiana kwa alama moja tu. Alama hiyo ikigeuka ndani ya memori mbovu, shilingi 100,000 za mama wa kikundi cha akiba na mikopo zinaweza kuhifadhiwa kama 900,000. Si jambo la kila siku, lakini kompyuta zetu za kawaida hazina kinga ya kuligundua. Na likitokea, atakayeulizwa ni mtunza hazina.

Kwa hiyo, shida ikianza baada ya kuongeza memori, msikimbilie kusema ni virusi, na msiruhusu mtu afute kila kitu na kuweka Windows upya. Windows hiyo mpya nayo itapita katika memori ile ile, na inaweza kuingia ikiwa na kasoro. Mtakuwa mmepoteza daftari la ubatizo, na ugonjwa bado upo. Zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, toeni memori mpya, rudisheni ya zamani kama ilivyokuwa. Ikitulia, hapo ndipo mnakili kumbukumbu zenu kwenye flashi. Kunakili wakati memori yenye mashaka bado imo ni kuhamisha makosa kwenda mahali pengine. Halafu linganisheni hesabu za siku zile za matatizo na stakabadhi za karatasi.

Sasa tutafute chanzo. Mara nyingi ni aina kutolingana. DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti, kwa hiyo isiyo yake haiingii, msiilazimishe. Penye mtego ni kwenye laptopu. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ile ya DDR3L volti 1.35. Kwa umbo zinafanana na zote zinaingia, ila zipo laptopu zinazotaka ya volti 1.35 tu. Someni kibandiko kabla ya kulipa, na mwende dukani na ile ya zamani mkononi.

Chanzo kingine ni vumbi, na hilo watu wa Shinyanga hatuhitaji kufundishwa. Zile meno za manjano kwenye ukingo wa memori zimepakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Ndugu zangu wa Geita mnaitafuta ardhini, na kumbe kidogo chake kimerudi ofisini kwenu! Lakini tabaka hilo ni jembamba mno kuliko unywele. Msilisugue kwa msasa wala kwa kisu, kama nilivyowahi kuona. Kitambaa safi kikavu kinatosha. Kabla ya kushika, gusa chuma cha kasha la kompyuta, hasa wakati wa kiangazi, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua memori bila wewe kusikia chochote. Kisha ikandamizeni hadi vishikio vya pembeni vifunge.

Baada ya hapo, pimeni. Ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi. Wekeni memori mpya peke yake, iacheni ipimwe usiku mzima. Kosa hata moja likionekana, irudisheni dukani. Ikipita peke yake, na ya zamani ikapita peke yake, lakini zikiwa pamoja zinakosea, basi hazipatani. Nunueni mbili zinazofanana. Mtu asiwauzie pawasaplai mpya kabla ya kipimo hiki. Memori hutumia umeme kidogo sana.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Mnapotenga fedha za memori, ongezeni na malipo ya fundi kupima, na muda wa siku mbili ofisi ikitumia karatasi. Kamati nazo ziandikiane na muuzaji kwamba isiyofaa itarudishwa, na memori ya zamani isitupwe wala kuchukuliwa na fundi. Itieni kwenye bahasha, andikeni tarehe, ikae kabatini kwa katibu.

Kompyuta hii hapa mezani ina tatizo hilo hilo. Naomba makatibu wawili waje mbele tuifungue.