Kutunza Kifaa cha Kusikia cha Mtoto Nyumbani

Leo nazungumza na wewe ambaye mtoto wako amepewa kifaa cha kusikia, kile kinachokaa nyuma ya sikio na kuunganishwa kwa mpira mwembamba na kizibo laini kinachoingia sikioni.

Nikitembelea manyumbani hukuta kifaa kimefungwa ndani ya leso na kuwekwa kabatini. Mama anaogopa kitaharibika, maana ni ghali. Namwelewa. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na miaka yake ya kwanza ndiyo ya kukusanya maneno. Kifaa cha kabatini hakimfunzi hata neno moja.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kifaa kilichovaliwa na betri imekwisha ni kibaya kuliko kutovaa, kwa sababu kile kizibo kinaziba sikio na mtoto anasikia hata kidogo zaidi. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya uji, kipime. Kiwashe, ukifumbate katika kiganja. Kikipiga mluzi, kinafanya kazi. Kisipolia, badilisha betri kwanza. (Vingine vya kisasa havilii, muulize aliyekupa jinsi ya kukipima.) Kisha mvishe, simama nyuma yake asikuone mdomo, useme: aa, uu, ii, mm, sh, s. Aliye mkubwa ainue mkono kila akisikia. Aliye mdogo, angalia kama anageuka.

Sasa usafi. Kila jioni kipanguse chote kwa kitambaa kikavu na laini. Kinachooshwa kwa maji ni kizibo na mpira wake tu, baada ya kuvitoa kwenye kifaa. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usuuze, upulize maji yatoke kwenye mpira, uache vikauke usiku kucha. Osha cha upande mmoja kwanza ili usivichanganye. Alama nyekundu ni sikio la kulia, ya buluu ni la kushoto. Spiriti, Jik na mafuta ya taa visiguse kifaa. Nta ikiziba tundu la kizibo, itoe kwa kijiburashi ulichopewa, si kwa sindano. Na tafadhali, usichokore sikio la mtoto kwa njiti.

Adui mkubwa wa kifaa ni unyevu. Ninyi wa Mombasa na Lamu mnajua matone yanavyojaa ndani ya mpira. Kivue wakati wa kuoga na wakati wa kupaka nywele mafuta. Usiku fungua mlango wa betri, ukiweke ndani ya mkebe wenye kifuniko pamoja na pakiti ya kukausha unyevu. Usikianike juani wala karibu na jiko.

Betri nyingi za vifaa hivi hutumia hewa. Ukibandua kile kikaratasi, ngoja kama dakika moja kabla ya kuiweka. Ikishabanduliwa imeanza kuisha, hata ukirudisha kikaratasi, kwa hiyo usibandue mbili kwa pamoja. Zifiche mbali na watoto, mpya na zilizokwisha. Mtoto akimeza betri, au akiitia puani au sikioni, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usimtapishe, wala usingoje uone kama itatoka yenyewe. Inaweza kuunguza nyama ya ndani.

Kifaa kikilia mluzi kikiwa sikioni, wengi hupunguza sauti. Hapo mtoto ndiye anayepata hasara. Angalia kama kizibo kimekaa sawa. Kama kimekaa na bado kinalia, huenda sikio limekua na kizibo kimekuwa kidogo, au kuna nta. Mpira ukiwa mgumu na wa manjano, nao ubadilishwe.

Sikio likitoa usaha, vua kifaa umpeleke mtoto kliniki. Kwa vizibo vipya, uliza kliniki ya masikio katika hospitali ya kaunti, au kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Nenda na mtoto mwenyewe, kwa sababu sikio lake litapimwa upya.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.