Kilo Kwanza, Gramu Baadaye: Viongezi na Malighafi Mbadala za Chakula cha Mifugo kwa Wafugaji wa Kasomeno



Mada niliyopewa ni viongezi na malighafi mbadala katika chakula cha mifugo. Naomba kuianzia jikoni, kwenye munkoyo. Kila mama aliyeko hapa anajua kazi yake: unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe kidogo, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ukirudi baada ya saa kadhaa, uji uliokuwa unashika mwiko umekuwa mwepesi wa kunyweka, na umeanza kuwa mtamu. Hakuna aliyeongeza maji, hakuna aliyetia sukari. Ndani ya mizizi ile mna kimeng'enya kinachokata wanga wa mahindi kuwa sukari. Bibi zetu walikitumia kabla hakijapewa jina la kitaalamu.

Kiongezi cha chakula cha mifugo ni kitu cha ukoo huo. Kinatiwa kidogo sana, hakishibishi, ila kinasaidia chakula kufanya kazi yake mwilini. Vimeng'enya vinavyouzwa leo kwenye pakiti kwa wafugaji wakubwa wa kuku na nguruwe ni ndugu wa munkoyo. Sasa, mizizi ya munkoyo ukiitia kwenye maji matupu utapata nini? Maji yenye harufu ya mizizi. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote yatazunguka hapo. Wafugaji wengi wa njia hii yetu wananunua gramu kabla hawajapata kilo.

Chakula peke yake hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kufuga kuku au nguruwe wa kufungiwa. Mahindi ndiyo sehemu kubwa ya chakula hicho, na mahindi ya Haut-Katanga kwa sehemu kubwa yanategemea Zambia. Mwaka 2024 tulionja maana yake. Ukame uliunguza mashamba ya jirani zetu, serikali ya Lusaka ikatangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari, na huku kwetu unga ukawa wa kutafutwa. Nyumba ambayo bukari ya watoto imepungua haiwezi kumpimia kuku mahindi. Mtu anauza kuku wake wote kwa wiki moja, tena kwa bei ya huzuni, kisha anaanza upya mwaka unaofuata na vifaranga hamsini na deni.

Sisi tuko njia panda. Barabara moja inashuka Kasenga kwenye Luapula, nyingine inapanda Pweto kwenye ziwa Mweru, na zote mbili zinamwaga mizigo yake Lubumbashi. Samaki wanapita hapa, mihogo inapita hapa, karanga, soya. Kinachorudi kutoka mjini ni gunia la konsantre, chakula cha mifugo cha kiwandani. Mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda nchini Zambia, na daraja lake juu ya Luapula, ukikamilika, magunia hayo yatafika kwa wepesi zaidi. Siyapingi. Napinga mtu kulipa makuta mengi kununua ndani ya gunia kitu kilichopita mbele ya mlango wake asubuhi.

Tuseme basi juu ya kilo. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu. Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 au 17, na kifaranga wa nyama anahitaji zaidi ya 20. Hakuna kiongezi kitakachojaza pengo hilo; linajazwa na soya, samaki na majani.

Soya ina protini ya asilimia 36 hadi 40, na inaota vizuri katika udongo wetu. Lakini soya mbichi ni adui. Ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na kitu hicho kinakufa kwa moto tu. Nilijifunza hili kwa hasara. Nilipoanza kufuga nilisaga soya mbichi, nikachanganya vizuri, nikajisifu kwamba nimeokoa kuni. Baada ya wiki tatu vifaranga wangu walikuwa na ukubwa wa vifaranga wa wiki moja, na mavi yao yalikuwa maji. Nilimlaumu muuzaji wa vifaranga, nikanunua vitamini, nikanunua dawa. Makosa yalikuwa kwenye sufuria yangu ambayo haikuwekwa motoni. Kaanga soya mpaka ganda lipasuke na harufu ya ubichi iishe, usiiache iungue ikawa nyeusi, kwa sababu moto ukizidi nao unaharibu protini. Au ichemshe nusu saa, kisha ianike.

Samaki wadogo wakavu, chisense wa Mweru, wana protini inayofika nusu ya uzito wao au zaidi. Wana pia methionini na laisini, zile sehemu za protini ambazo mahindi hayana za kutosha. Hapa lakini nataka tusimame. Zamani Wagiriki waliweka vituo vyao Kasenga na kupeleka samaki Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulisha mji wa migodi. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa mpaka akakaribia kwisha. Sitaki tuwe watu wa kuchukua chakula cha binadamu na kumwagia kuku. Ninachowaombea mifugo ni vichwa, vipande vilivyovunjika, na vumbi linalobaki chini ya gunia baada ya wamama kuuza. Muulize kwanza mama kama samaki wale walitiwa chumvi. Chumvi ikizidi, kuku anakunywa maji bila kikomo, anaharisha, anakufa.

Muhogo una mambo mengi. Unga wake ni nguvu tupu, protini yake haifiki hata asilimia 3, kwa hiyo ukipunguza mahindi ukaweka muhogo, lazima uongeze soya au samaki. Tena muhogo mchungu una sianidi, na ganda lina nyingi kuliko nyama yake. Katika nchi hii tunaijua sumu hiyo: konzo ya Kahemba imepooza miguu ya watoto waliokula muhogo usiolowekwa vya kutosha. Mwili wa mnyama hujitahidi kuifunga sumu ile, na kwa kazi hiyo hutumia salfa inayotoka katika methionini. Ndiyo maana kuku anayekula muhogo bila samaki wala soya huumia mara mbili. Protini ni kidogo, na hiyo kidogo inatumika kupigana na sumu.

Dawa yake ni maji na jua. Majani ya muhogo, sombe, yakikatwakatwa na kuanikwa mpaka yavunjike mkononi, yanatoa unga wenye protini ya asilimia 20 na zaidi. Maganda nayo yanafaa. Kule Ibadan, Nigeria, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzao walikuta kwamba ganda likikunwa na kukamuliwa maji kabla ya kuanikwa hukauka kwa siku moja ya jua, badala ya siku mbili tatu za kukaa chini likiota ukungu. Kukuna na kukamua ni kazi tunazozijua. Nyuma ya mashine za kusaga hapa njia panda maganda yanaoza, nasi tunapita tukiziba pua.

Nikiyaweka pamoja, chakula cha kilo 100 kwa kuku wa mayai kinaweza kuwa hivi: mahindi kilo 55, pumba kilo 10, soya ya kukaangwa kilo 15, vumbi la samaki lisilo na chumvi kilo 8, unga wa sombe kilo 3, chokaa ya mawe iliyosagwa kilo 8, mifupa iliyochomwa mpaka ikawa nyeupe gramu 700, chumvi gramu 300. Protini yake inafika 16 kwa mia. Samaki wasizidi kilo 10, la sivyo mayai yatanukia samaki. Chokaa inayotakiwa ni ya mawe mabichi ya kusagwa, mfano yale ya Kakontwe kule Likasi. Ile iliyochomwa ya kupaka nyumba inaunguza matumbo.

Mmeona kwamba tumekwisha kuingia kwenye gramu bila kutangaza. Chokaa, mifupa na chumvi ndivyo viongezi vya kwanza vya maskini, na ndivyo vyenye faida ya haraka kuliko vyote. Kuku wa mayai anataka kalisi karibu asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula chake. Asipoipata anaivuta kutoka mifupani mwake, yai linatoka na ganda laini, kisha kuku analala chini hawezi kusimama. Fosforasi ina hadithi nyingine. Ile iliyomo kwenye nafaka, thuluthi mbili hivi zimefungwa ndani ya kitu kinachoitwa fitati, na kuku na nguruwe hawana nguvu ya kukifungua. Mashamba makubwa duniani yanatia kimeng'enya cha faitesi kifungue kufuli hilo. Sisi tuna mifupa.

Baada ya hapo nunua premiksi ya vitamini na madini. Hiyo inastahili makuta yako, hasa kama kuku hawatoki nje kula majani. Nyingi hutiwa gramu 250 kwa kilo 100, lakini soma lebo. Usiimwage juu ya rundo na kugeuza mara mbili kwa sepeto. Changanya kwanza na kilo moja ya unga, hiyo moja na kilo kumi, hizo kumi na zote. Premiksi isiyochanganywa vizuri inampa kuku mmoja sumu na mwingine njaa. Na gunia lisilo na tarehe liache dukani; vitamini hufa kwa joto na kwa muda, unga wake ukabaki na rangi ileile.

Kiongezi kinachoniumiza moyo ni antibiotiki. Oksitetrasaikilini na kolistini zinatiwa kwenye maji ya kuku wazima, kila wiki, ili wakue. Ulaya ilikuwa ikifanya hivyo. Uswidi ikakataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukapiga marufuku antibiotiki za kukuzia kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamepata katika nguruwe vijidudu vyenye uwezo wa kuishinda kolistini na kuvirithisha vijidudu vingine uwezo huo. Kolistini ni mojawapo ya dawa za mwisho hospitalini. Mtoto akifika na homa katika kituo chetu cha afya, dawa zilizoko pale ni chache. Tusizichoshe kwa kuku asiyeumwa. Kuku wengi wanaopewa dawa ili wakue wanadumazwa na soya mbichi, maji machafu na baridi ya Juni.

Kuna pia shaba. Katika vitabu mtasoma kwamba salfati ya shaba inakuza watoto wa nguruwe. Vitabu hivyo havikuandikwa Katanga. Mwaka 2009 utafiti ulioongozwa na madaktari wa Lubumbashi ulionyesha kobalti na madini mengine kwa kiwango kikubwa mno katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vyetu. Mnyama anayekula majani ya udongo wa maeneo hayo amekwisha kupata shaba yake, na kondoo huikusanya kwenye ini mpaka siku moja anakufa ghafla. Asiwepo mtu wa kuongeza shaba hapa bila kipimo. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri kutia udongo wa kichuguu katika chakula, ingawa najua wengi mnafanya.

Wanaotia udongo wanatafuta dawa ya ukungu, na hofu yao ni ya haki. Sumukuvu haionekani, haichemki ikaisha. Nchini Uingereza mwaka 1960 sumu hiyo iliangamiza bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga, na hapo ndipo ilipojulikana. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kuna udongo maalumu unaouzwa wa kuifunga sumu tumboni, bentonaiti, lakini kazi kubwa inafanyika Mei: kukausha mahindi mpaka punje ipasuke kwa mlio chini ya jino, na kuyaweka juu ya mbao, mbali na sakafu. Mahindi yaliyooza hayageuki chakula kwa sababu ni ya kuku.

Wadudu nitawataja kwa ufupi. Mchwa mmekuwa mkiwapa vifaranga tangu zamani. Mabuu ya inzi askari mweusi, anayeishi kwenye takataka, yana protini ya karibu asilimia 40, na Kenya imekwisha kuweka viwango vya wadudu wakavu katika chakula cha mifugo tangu 2017. Naona hapa njia ya kweli kwa vijana wa Kasomeno, karibu na soko. Makapi ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, na mabaki ya migahawa nayo ni chakula cha nguruwe, ila mabaki yachemshwe nusu saa, kwa maana pesti ya nguruwe ya Afrika inasafiri ndani ya kipande kidogo cha nyama. Mbuzi na ng'ombe namwachia mwenzangu wa mchana.

Baada ya chai tutatoka nje. Nimeleta mizani mbili, moja ya kilo na moja ya gramu, sufuria la soya liko motoni tayari, na pembeni kuna gunia la maganda ya muhogo lililookotwa leo asubuhi nyuma ya mashine. Tutayakuna, tutayakamua, tutayaanika, na kesho jioni tutayapima kuona kilo ngapi zimebaki.