Chakula cha Nyumba Isiyo na Nafasi

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya mkutano wa wazazi.)



Mimi si daktari, wala si mpishi. Kazi yangu ni kufasiri, na katika kazi hiyo nimefasiri karatasi nyingi zihusuzo chakula bora. Lakini maana yake sikuielewa hata siku mtoto wangu mwenyewe alipougua.

Mama yake ni mwalimu. Sote wawili hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na mtoto alikuwa akiachwa na yaya. Aliachishwa ziwa mapema kwa kuwa mdogo wake alikuwa njiani. Asubuhi alipewa uji wa unga wa mahindi wenye sukari, mchana uji ule ule, na jioni ugali uliotiwa mchuzi kidogo. Hakulala na njaa hata siku moja. Mashavu yakajaa, nasi tukafurahi tukidhani amenenepa. Baadaye nywele zikawa nyekundu na nyepesi, naye akaacha kucheza. Mwuguzi alipoubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki. Alilazwa wiki tatu, na siku za kwanza hatukujua kama tutarudi naye nyumbani.

Ugonjwa huo huitwa kwashiakori. Neno hilo latoka katika lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana, nalo lahusu ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake azaliwapo. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na jina lake alilipata kwa akina mama wa huko. Wao walikwisha kuona kwamba mtoto huondolewa ziwani, na mahali pa maziwa hutiwa wanga mtupu.

Basi watu husema, "Chakula bora ni cha matajiri." Sivyo. Maharagwe makavu, kwa uzito wake, yana chakula cha kujenga mwili mara mbili na zaidi kuliko mahindi. Na vitu hivi viwili vikiliwa pamoja, kimoja hutimiza upungufu wa kingine. Aliyebuni githeri hakusoma shule, lakini hakukosea. Omena waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula hicho cha kujenga mwili. Watwange, uchekeche, utie kijiko kimoja katika mboga ya mtoto, wala hataona miiba. Wimbi nalo lina madini ya chokaa yajengayo mifupa kuliko mahindi kwa mbali sana.

Uji wetu sasa ni wa wimbi, nao hutiwa karanga zilizotwangwa zikawa laini kabisa. Hauzidishi hata robo saa katika kazi ya asubuhi. Ila karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama yamenunuliwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa sumu ya mahindi ya namna hiyo, na kupika hakuiondoi sumu ile.

Sasa nasema na waume wenzangu. Mwaka 1931 mabwana Orr na Gilks walitangaza uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu, nao waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga kuliko waume wao. Mimi pia nililelewa nikiambiwa kuwa mchicha ni chakula cha wanawake na mbuzi. Huo ni upuzi. Majani ya kunde, managu, terere na sukuma wiki huota nyuma ya nyumba, huiva kwa dakika chache, nayo hulinda macho na damu. Kamulia limau juu yake, na chai iwekwe mbali na chakula, kwa maana chai huzuia mwili usipate madini ya damu yaliyomo. Na mume atumiaye fedha za wiki nzima kwa nyama choma pamoja na rafiki zake siku ya Jumamosi, huku mtoto wake akinywa uji mweupe, sina neno la adabu la kumwita.

Lililobaki ni maharagwe, kwa sababu kila mama huniambia kwamba hana saa tatu za kukaa mekoni wala makaa ya kuchoma bure. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yake. Saa sita mchana yaya ayachemshe katika maji mapya kwa nusu saa, yatokote kwa nguvu; hili lisipunguzwe, kwani maharagwe yasiyochemka vizuri yana sumu iumizayo tumbo. Kisha sufuria iliyofunikwa iwekwe upesi katika kikapu kilichojazwa majani makavu au vitambaa, na mto mnene juu yake. Joto lililomo litaendelea kupika lenyewe. Yasikae humo zaidi ya saa nne au tano, na kabla ya kula yachemshwe tena.

Kikapu chetu nimekileta, ni hiki hapa juu ya meza. Maharagwe yaliyomo yaliingia saa sita. Atakaye na aje ayabonyeze mwenyewe. Vijiko viko hapa kando.