Kazi Inayovuka Mpaka Bila Mtu: Ajira za Kompyuta na Sisi wa Busia na Malaba



Neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walipakia abiria kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita "boda, boda!" Naanza na hao kwa sababu mapatano yao yalikuwa wazi. Nauli ilikubaliwa kabla gurudumu halijazunguka, na ukizuka ugomvi, wa kudaiwa alikuwa amekaa nyuma ya baiskeli.

Kazi ninayoizungumzia leo huvuka mpaka bila mtu. Ilishika kasi kwetu baada ya nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS kutua Mombasa mwaka 2009. Kampuni ya Marekani huikata kazi vipande vipande: kuchora mistari kuzunguka magari kwenye picha ili kompyuta ijifunze kuyatambua, kunakili mazungumzo yaliyorekodiwa, kuondoa video za ukatili mitandaoni. Vipande hivyo hutumwa kunakolipwa kidogo.

Februari 2004, Gregory Mankiw, aliyeongoza baraza la washauri wa uchumi wa Rais George W. Bush, alisema kupeleka kazi ng'ambo ni biashara ya kimataifa kwa sura mpya, na hatimaye huinufaisha nchi. Wanasiasa wa vyama vyote viwili wakamrukia. Kitabuni hoja yake ina nguvu: kinachopatikana nje kwa bei nafuu kinunuliwe nje. Lakini mjadala ule wote ulikuwa juu ya Mmarekani anayepoteza kazi. Anayeipokea hakuulizwa neno.

Sisi wa mpakani tunaweza kulisema neno hilo, maana kupoteza tumekuonja. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 2014, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unalipwa kabla lori halijatoka bandarini Mombasa. Foleni ya Malaba ikapungua, ingawa haijaisha, na nchi zote mbili zikapata nafuu ya kweli. Lakini mawakala wa forodha wa hapa, watu wa kliaransi, wakaona makaratasi yaliyowalisha yakihamia kwenye kompyuta za mbali. Mama aliyewauzia chai naye akapungukiwa. Faida ya taifa ilikuwa kweli, na hasara ya mtaa mmoja ilikuwa kweli pia. Anayetuambia tuchague moja hajawahi kuishi hapa.

Vilevile tunaijua tabia ya mali inayofuata bei. Shilingi yetu ikiwa na nguvu, tunavuka kununua Uganda. Ikilegea, wateja wanakuja upande huu. Kazi ya kompyuta iliyokuja kwa sababu sisi ni rahisi itaondoka siku atakapopatikana aliye rahisi zaidi, au mwenye jukwaa la mtandaoni linaloigawa akibadili nia. Machi 2024 jukwaa mojawapo, Remotasks, liliwafungia Wakenya. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kuuliza.

Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, ilikubaliana kuilipa kampuni ya Sama dola 12.50 kwa kila saa ya kazi ya kuainisha maandishi ya kutisha, huku mfanyakazi wa Nairobi akibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Najua mwajiri ana kodi, umeme na wasimamizi wa kulipia. Hata hivyo pengo hilo linaniuma, kwa sababu aliyesoma habari za ubakaji mchana kutwa ndiye aliyezipeleka nyumbani kichwani mwake.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekagua maudhui ya Facebook jijini Nairobi, alizishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, na Sama mwaka 2022. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba inaweza kushtakiwa hapa. Mwaka huohuo, mswada uliofika Seneti ulitaka madai ya wafanyakazi yaishie kwa kampuni ya kati, mteja wa ng'ambo asiguswe. Watetezi wake walisema bila hivyo wawekezaji watakimbia. Mimi naupinga waziwazi. Abiria hawezi kushuka na kutoweka, kisha mwenye baiskeli akadaiwa peke yake.

Siwaambii vijana wa Alupe, hapa Busia, waikatae kazi hii. Wengi hawana nyingine, na dola mbili zinanunua unga. Ninachoomba warsha hii ipeleke kwa kaunti ni mambo ya kushikika: mafunzo yoyote yanayolipiwa na umma yafungamane na mkataba unaomtaja mteja halisi, malipo yahesabiwe kwa saa, maana anayelipwa kwa picha hupoteza kila umeme unapokatika, na anayekagua maudhui ya ukatili awe na mshauri nasaha wa kumwendea, hata miezi baada ya mkataba kwisha.