Kibeji cha Wahudumu wa Mionzi

Leo najibu swali ninaloulizwa sana: "Sista, mbona wale wa chumba cha mionzi huvaa kibeji kifuani, na mgonjwa wangu hapewi?"

Kibeji kile si kinga. Kazi yake ni kuhesabu tu mionzi iliyomfikia mhudumu, maana yeye yuko pale mwaka baada ya mwaka. Hukusanywa kila mwezi au miezi mitatu, kikasomwa. Kwa wastani asizidishe milisiverti 20 kwa mwaka.

Mgonjwa kipimo chake hupangwa kabla, kikagawanywa. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, mara nyingi hupigwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Pengine atabandikwa kidude kidogo juu ya ngozi, kuhakikisha anapata kile kilichopangwa. Hakiumi. Asikibandue, wala msisugue zile alama za wino mkimwogesha.

Sasa lile linalovunja nyumba: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mgonjwa huyu hawezi kukuambukiza mionzi. Mwacheni ambebe mtoto wake, lala naye, kuleni sahani moja.

Aliyemeza iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo ndiye hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku alizoambiwa. Ziulize kabla hamjatoka hospitalini, uandikiwe.