Choki ya Kujiendesha na Sailensi ya Gari la Zamani
(Mazungumzo kwa wananchi wa Makurunge, Bagamoyo)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalowagharimu wengi wenu fedha pasipo sababu: gari la kabureta linalokunywa petroli kupita kiasi, linalotoa moshi mweusi, au linalozima kila linaposimama. Magari hayo bado tunayaona katika barabara ya Bagamoyo na Msata, hasa Hiace na Hilux za miaka ya 1980. Mwenye gari akifika gereji huambiwa kabureta imekufa, anunue nyingine. Mara nyingi kabureta ni nzima. Kilichopotea ni mpangilio wa choki na wa sailensi, yaani mwendo wa injini pasipo kukanyaga mafuta.

Petroli huungua vema kilo 1 ikichanganyika na hewa kilo 14.7 hivi. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke, hivyo mchanganyiko hauna budi kuongezewa petroli kwa kupunguziwa hewa. Hiyo ndiyo kazi ya choki, kibao chembamba kilichomo kinywani mwa kabureta. Zamani dereva aliivuta kwa mkono. Katika magari ninayoyasema hujiendesha yenyewe: springi iliyosokotwa kwa metali mbili, au kidonge cha nta, hupata joto la umeme au la maji ya injini, na kukifungua kibao taratibu. Wakati huohuo kipande chenye ngazi ndogondogo hupandisha sailensi, kisha huishusha injini ipatapo joto.

Sasa nije kwenye chanzo ambacho watengenezaji hawakukitazamia. Mafundi wetu wengi, wakihofia injini kuchemka, huing'oa thamostati na kuitupa. Maji huanza kupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini huchelewa mno kufikia joto lake la kazi, ambalo ni nyuzi 80 za Selsiasi na zaidi. Kidonge cha nta kinachotegemea maji hayo hakitanuki sawasawa, na choki huweza kubaki nusu imefungwa. Mwenye gari hulipia petroli ya injini baridi kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Kisha fundi mwingine huifunga choki kwa waya ikae wazi daima. Asubuhi gari likikataa kuwaka, humwaga petroli kinywani mwa kabureta huku msaidizi akipiga stata. Nakemea jambo hilo waziwazi. Moto ukirudi kupitia kabureta, hukutana na kopo lililo mkononi mwake.

Uchunguzi na ufanyike alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Fungueni kifuniko cha kichujio cha hewa, mkanyage pedali ya mafuta mara moja hadi mwisho, mwiachie. Kibao kinapaswa kufunga au kukaribia kufunga. Washeni injini, lakini nje, si bandani, kwa maana moshi wa egzosi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Injini ikishapata joto, kibao kiwe kimesimama wima. Kisiposimama, tazameni kama mhimili wake umeshikwa na vumbi na masizi, kama waya wa umeme umechomoka, kama mpira wa maji umeziba, na kama thamostati ipo. Palipo na kifuniko cha mviringo chenye alama, choreni kwanza nafasi yake ya awali, kisha legezeni skrubu zake na kukigeuza alama moja tu, si zaidi.

Sailensi hurekebishwa mwisho, injini ikiwa ya moto, choki wazi kabisa, taa na kiyoyozi vimezimwa. Kiasi chake husomwa kwenye kibandiko chini ya boneti au katika kitabu cha gari. Kwa mengi ya magari haya ni mizunguko 650 hadi 850 kwa dakika. Skrubu moja ni ya mwendo, nyingine ya mchanganyiko. Fundi anayeshika bisibisi kabla injini haijapata moto anabahatisha, nanyi mna haki ya kumwambia asubiri. Na ikiwa skrubu ya mchanganyiko haibadilishi kitu, basi hewa inaingia kwingine, pengine penye gasketi au mpira uliopasuka, au kijitundu cha petroli kimeziba.

Kwa hiyo, mkiambiwa mnunue kabureta, ombeni kuonyeshwa kibao hicho, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Patanisheni bei kabla ya kazi, mdai spea ya zamani mkononi na risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Bila risiti, madai yenu huwa magumu kuthibitisha.

Gari lililoegeshwa chini ya mwembe halijawashwa tangu jana. Nawaomba tusogee, tufungue boneti pamoja. Wavutaji sigara wabaki nyuma.